Shule Ihesabu Nini Siku ya Jubilei Yake?



Shule ninayoisimamia inatimiza miaka 50. Si shule kubwa, wala sifa zake hazikufika mbali. Ilifunguliwa katika siku zile za elimu kwa wote zilizofuata Azimio la Musoma la mwaka 1974, wazee wetu walipofyatua matofali kwa mikono yao na akina mama wakabeba maji kichwani. Mimi sikuwapo, kwani umri wangu haujafika miaka 40. Lakini kwa kuwa nimewekwa kuwa Mwalimu Mkuu, kamati imeniagiza niandike hotuba ya siku ile, nieleze tulikotoka, tulipo, na tunakokwenda. Nilidhani ni kazi ya jioni mbili. Imekuwa kazi ya miezi mitatu, na sababu yake ndiyo ninayotaka kuwaeleza. Jina la shule naliacha, maana kosa nitakalolitaja ni langu, nami sitaki majengo yachukue lawama ya mtu.

Naandika haya nyumbani kwangu Katindiuka, hapa Ifakara, usiku, watoto wakiwa wamelala.

Hotuba yangu ya kwanza ilikuwa nzuri machoni pangu. Nilihesabu madarasa, madawati na miembe tuliyopanda. Nilihesabu wanafunzi waliofaulu kwenda sekondari, nikawataja kwa kazi zao: wauguzi, walimu, askari, padre mmoja, na mtu mmoja anayekaa ng'ambo ya bahari. Nikaisoma mbele ya kamati, wajumbe wakapiga makofi. Mzee mmoja tu hakupiga. Alikuwa miongoni mwa wale waliofyatua matofali. Akaniuliza kwa upole, "Na wengine, Mwalimu?" Nikamwambia, "Wengine gani, Mzee?" Akajibu, "Hao uliowataja wangejaa chumba kimoja. Matofali tulifyatua ya vyumba saba."

Basi nikarudi nikafungua stoo yenye madaftari ya zamani. Mengine yameliwa na mchwa, mengine yamelowa, lakini mengi yasomeka. Ndipo nilipoona jambo nililolijua siku zote nisilitazame. Katika kila daftari la darasa mna majina yaliyokatwa kwa mstari mwekundu, na pembeni pameandikwa neno moja: mtoro. Darasa la kwanza majina ni mengi. Darasa la nne yamepungua. Darasa la saba waliosalia ni wachache, na hao ndio waliofanya mtihani, na katika hao ndimo tulimopata watu wa kujivunia.

Tazameni jinsi hesabu inavyoweza kutudanganya bila mtu yeyote kusema uongo. Tuseme darasa la saba wana watoto 30, wakafaulu 24. Twasema kwa furaha kwamba katika kila kumi wamefaulu wanane. Lakini kama walioingia pamoja darasa la kwanza walikuwa 60, waliofika ni wanne katika kila kumi. Hesabu zote mbili ni sahihi, ila ya kwanza huwekwa ukutani na ya pili hubaki stoo. Tena, kila jina tunalolikata huifanya hesabu ya kwanza kuwa nzuri zaidi, maana mtoto dhaifu asiyefanya mtihani hawezi kutushusha. Kwa hiyo kalamu nyekundu haina uchungu kwa mwalimu. Huenda hata ikampatia sifa.

Hapa ndipo linapoanza swali langu. Je, siku ya jubilei shule ihesabu nini? Ihesabu iliowafikisha, au na iliowapoteza?

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanalijua neno jubilei kutoka katika Kitabu cha Walawi, sura ya 25. Waisraeli waliamriwa kuhesabu miaka saba mara saba, na mwaka wa 50 uwe mtakatifu. Leo sisi tumelifanya neno hilo kuwa ng'ombe, kwaya, fulana zenye maandishi na mgeni rasmi. Sikatai mambo hayo, nami nyama naipenda. Lakini tukisoma vema tutaona kwamba mwaka ule haukuwa wa mtu kujihesabia alivyopata. Ulikuwa mwaka wa kurudisha. Shamba lililouzwa kwa shida lilirudi kwa mwenyewe, na mtu aliyejiuza utumwani kwa umaskini wake akarudi kwa jamaa yake. Aliyekuwa na vingi ndiye aliyekuwa na kazi kubwa siku ile, kwa kuwa ilimpasa kujiuliza, "Katika nilivyo navyo, kipi si changu?"

Tena liko jambo jingine ambalo mimi sikuliona mpaka mwaka huu. Baragumu la jubilei lilipigwa siku gani? Lilipigwa Siku ya Upatanisho, yaani siku ile ambayo watu wote walifunga na kuungama. Hawakuanza na karamu. Walianza kwa kukiri deni, ndipo wakapiga baragumu. Kwa hiyo mtu akiniambia, "Mwalimu, siku ya furaha usituletee majonzi," nitamjibu kwamba walioianzisha siku hiyo waliviweka viwili hivyo pamoja, na toba ikatangulia.

Sasa, kama jubilei ni kurudisha mali kwa mwenyewe, shule ni mali ya nani? Watu husema ni ya serikali, au ya misheni, au ya mwalimu mkuu aliyepo. Mimi naona yafaa tutazame ilianzishwa kwa ajili ya nani.

Hapa Ifakara tunao mfano mkubwa. Mwaka 1949 alifika mtaalamu mmoja wa elimu ya wanyama kutoka Basel, Uswisi, jina lake Rudolf Geigy, akawakuta wamisionari Wakapuchini, ambao walikuwa katika nchi hii tangu mwaka 1921. Mwaka 1957 ilianzishwa hapa maabara ya kuchunguza maradhi ya nchi za joto. Mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru, kikafunguliwa kituo cha kuwafundisha vijana wa nchi hii uganga wa kusaidia vijijini. Mbegu zile zimekua, na leo Ifakara ni mji wa utafiti na wa vyuo vya afya, na vijana hutoka mikoa mingi kuja kusoma hapa.

Basi mwenye kituo kile cha mwaka 1961 alikuwa nani? Hakuwa mwalimu wake, wala hakuwa kijana aliyepata cheti. Mwenyewe alikuwa mama aliyelala na homa katika kijiji kisicho na mganga, mbali na barabara, ambaye huenda hakupata kujua kwamba kituo kimefunguliwa. Kwa ajili yake kilijengwa. Yeye hakai jukwaani siku ya sherehe wala jina lake halimo katika ratiba, lakini mkuu wa chuo chochote cha namna ile, akisimama kueleza miaka iliyopita na mipango ijayo, yampasa aseme kana kwamba mama yule ameketi mstari wa mbele na anasikia. Majengo mapya ni jambo jema, na wanafunzi wengi ni jambo jema. Lakini mama yule atauliza jambo moja tu: "Aliyefundishwa kwa ajili yangu yuko wapi?"

Shule ya msingi nayo ni vivyo hivyo. Hata katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alikataa shule ya msingi iwe ngazi tu ya kuwapandishia wachache sekondari, huku wengi wakitoka wakijiona wameshindwa. Alitaka iwe elimu iliyotimia kwa kila mtoto, hata kwa yule atakayebaki kijijini akilima. Shule yetu ilijengwa kwa ajili ya huyo. Nami katika hotuba yangu nzuri huyo sikumtaja.

Sasa nitaeleza kosa langu, maana si vema mtu kufundisha toba ya wenzake.

Katika madaftari yale niliona jina moja lililokatwa kwa mwandiko ninaoujua, kwa sababu ni wangu. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Wote wakaao bonde hili wanajua desturi ya wakulima wetu. Mvua zikianza, jamaa huhama kijijini kwenda kukaa katika vibanda vya shamba, kwenye mpunga, mwendo mrefu, wengine ng'ambo ya mto Kilombero. Hukaa huko kulima na kupalilia. Mpunga ukianza kutoa masuke, mtu hupanda dunguni tangu alfajiri kuamia ndege, maana siku moja ya usingizi yaweza kumaliza chakula cha mwaka. Kazi hiyo ya dunguni hupewa watoto, kwa kuwa macho yao ni makali na mikono yao haitoshi kwa jembe.

Mtoto wangu wa darasa la tano aliondoka na wazazi wake mwezi wa Februari. Machi hakuja, Aprili hakuja, Mei hakuja. Nikachukua wino mwekundu. Mwezi wa Juni, mavuno yalipokwisha, alikuja asubuhi moja, shati lake limefuliwa, akasimama mlangoni. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba jina lake halimo tena. Sikumpiga wala sikumtukana. Nilisema kweli tupu: halimo. Naye hakubisha. Alisema, "Haya, Mwalimu," akaondoka, na kwa muda mfupi nilijiona mwalimu mwenye msimamo.

Mtoto yule leo ni mtu mzima. Tunakutana njiani, yeye juu ya baiskeli na gunia la mpunga, mimi na mkoba wa vitabu. Kila mara hushuka, hunisalimu, "Shikamoo, Mwalimu," nami huitika, "Marahaba." Miaka yote hiyo sikupata kuona tabu katika salamu hiyo. Lakini tangu nilipolifungua lile daftari, kila "Shikamoo" yake hunichoma kuliko tusi.

Nimewasimulia walimu wenzangu habari hii, nao wamenijibu kwa hoja ambazo si za kupuuzwa.

Mmoja alisema, "Kosa ni la wazazi. Tangu mwaka 1978 sheria inamlazimisha mzazi kumpeleka mtoto shule." Ni kweli, wala siwaondolei wazazi sehemu yao. Mzazi anayemtoa mtoto darasani ili kuokoa mpunga anauza kesho kwa kununua leo. Lakini nauliza, mtoto alichagua nini? Wazazi walimwita dunguni, nami nikamfungia mlango. Aliyelipa deni la pande zote mbili ni yeye, na ndiye pekee asiyekuwa na kosa.

Mwingine alisema, "Daftari lazima liseme kweli. Kumwacha mtoro orodhani ni kudanganya." Hoja hii ilinisumbua siku nyingi, mpaka nikakumbuka mfano wa kondoo aliyepotea, katika Injili ya Luka, sura ya 15. Yule mchungaji alikuwa na kondoo 100, mmoja akapotea. Angaliifuta hesabu yake, angalikuwa na kondoo 99 kati ya 99, zizi limetimia, naye angalilala usingizi. Kilichomtoa nyikani usiku ni kwamba aliendelea kuhesabu 100. Hakusema uongo, kwani alijua vema kuwa mmoja hayumo. Ila alijua pia kwamba asiyekuwamo bado ni wake. Daftari la mahudhurio huonyesha nani amekuja, wala haliwezi kuonyesha nani ni wetu. Kosa langu halikuwa kuandika kwamba mtoto hakuja. Kosa langu lilikuwa kuandika hivyo nikaona kazi yangu kwake imekwisha.

Wa tatu alisema, "Shule haiwezi kubeba wote. Mkono mmoja haushiki ng'ombe wawili." Nakubali kwamba darasa la watoto wengi na mwalimu mmoja ni mzigo mkubwa, nami mzigo huo naubeba. Lakini kushindwa ni jambo moja, na kuficha kwamba umeshindwa ni jambo jingine. Mwenye kukiri aliyoshindwa hutafuta msaada. Mwenye kuyakata kwa wino mwekundu haombi msaada, kwa kuwa daftari lake halina upungufu.

Baada ya kupima hayo nilikwenda nyumbani kwa yule mtu, jioni moja ya Jumamosi. Alinikaribisha kwa heshima, akanipa kiti, yeye akakaa kwenye kinu kilicholazwa. Nikamwambia nilichokuja kusema, kwamba nilimkosea, na kwamba namwomba radhi. Akanyamaza kitambo. Nilidhani atasema yamepita, kama watu waungwana wasemavyo. Badala yake akasema hivi: "Mwalimu, mimi nimekwisha kuwa mkulima, nami sina kinyongo. Lakini mtoto wangu yuko kwako darasa la pili. Februari tunahamia shamba. Yeye utamfanyaje?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Nilikwenda kutua mzigo, nikarudi nao. Lakini njiani nilifahamu kwamba yule mtu alikuwa amenifundisha maana ya jubilei kuliko vitabu vyote. Miaka yake mimi siwezi kumrudishia. Shamba la Waisraeli liliweza kurudi kwa mwenyewe, lakini utoto haurudi. Deni la namna hiyo hulipwa kwa mtoto wa yule unayedaiwa naye. Kwa hiyo toba ya shule haiwi maneno ya hotuba. Toba yake ni ratiba ya mwaka ujao.

Basi hii ndiyo sehemu ya tatu ya hotuba yangu, ya mipango ijayo. Nimeiandika upya, nayo ina mambo manne tu. Hakuna lililo kubwa.

La kwanza, hakuna jina litakalokatwa kabla mwalimu hajafika nyumbani kwa mtoto, na kama jamaa wako shamba, mpaka shamba. La pili, mtoto akirudi mwezi wowote atapokewa siku ile ile, na jioni atafundishwa alichokikosa. Na asitokee mtu akasema sheria yakataza. Mwezi wa Novemba mwaka 2021 serikali yetu ilitangaza kwamba waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, hata wasichana waliopata watoto, wafunguliwe mlango warudi. Kama serikali imefungua mlango, mwalimu asisimame mlangoni. La tatu, kila mwaka mwezi wa Novemba, kabla ya kuhama, tutakutana na wazazi, na kila mtoto ajulikane atakaa nyumba gani kijijini, kwa bibi, kwa mjomba, au kwa jirani mwema, asiachwe peke yake na kufuli. La nne, baada ya mavuno kila nyumba itoe debe la mpunga, ili watoto wanaobaki wapate chakula cha mchana shuleni. Mtoto mwenye njaa atafuata chakula kilipo, na chakula kiko shamba.

Wengi wenu mwakumbuka pantoni ya mto Kilombero, kabla ya lile daraja la mita 384 kufunguliwa mwaka 2018. Aliyesimama ng'ambo aliwaona waliovuka tu, akasema kivuko kinafanya kazi. Waliobaki ukingoni jua linapozama, na mgonjwa wao juu ya machela, hao hakuwaona. Lakini daraja lilijengwa kwa ajili yao. Waliokwisha kuvuka hawakulihitaji. Mipango yote ya kesho, ya shule, ya chuo au ya parokia, ina faida kwa wale walio bado ukingoni. Nasi tutajuaje ni wangapi, kama tunahesabu waliovuka peke yao?

Sisemi kwamba waliofaulu wasisifiwe. Waje, waketi mbele, watupe shukrani nasi tuwape. Wao pia waulizwe kwa upendo swali la yule mama wa kijijini, kwani walisomeshwa kwa matofali ya watu ambao watoto wao wenyewe hawakufika darasa la saba. Lakini mwaka huu kamati imekubali tuwaalike pia waliokatwa majina, wote tutakaowapata. Baadhi ya wajumbe wanaogopa kwamba wataona haya. Mimi nadhani wenye haya tutakuwa sisi, na yafaa tuwe nayo.

Katika vijiji vyenu ziko shule, vigango, vyama vya akina mama na vyama vya ushirika vinavyotimiza miaka 25, au 50, au 100. Nawaomba jambo moja. Kabla hamjachinja ng'ombe, fungueni daftari la zamani, msome majina yaliyokatwa kwa sauti, polepole, jina baada ya jina. Kisha pangeni mipango yenu.

Mimi na yule mkulima tumekubaliana. Bibi wa mtoto, aliye hapa karibu na shule, atakaa naye Februari mpaka Juni. Debe la mpunga ameahidi kuleta. Nami nimeahidi kwamba Machi, mvua ikiwa kubwa na mtoto asipoonekana siku tatu, nitavaa viatu vya mpira nikamtafute. Mkisikia nimeshindwa, niulizeni.

Nawaaga kwa amani.